Chanjo ya Mafua Makali: Nani Katika Nyumba Yetu Achanjwe?

Mwezi huu naanza na barua. Imeandikwa na mama wa parokia moja ya mjini, naye ameniruhusu niitumie bila kumtaja jina. Nimeifupisha hivi:

“Mama muuguzi, shikamoo. Nyumbani tuko saba. Mama mkwe ana miaka 72 na ana kisukari. Mimi ni mjamzito wa miezi sita. Mtoto wetu wa pili ana miaka mitano, anasumbuliwa na pumu. Hospitali moja ya binafsi hapa mjini imebandika tangazo kwamba ina chanjo ya mafua. Mume wangu ameulizia bei, akarudi akasema mwezi huu tunaweza kulipia sindano mbili tu. Mama mkwe yeye anasema mafua si ugonjwa wa kuchanjiwa, ni wa kunywa tangawizi, na tena mwenye mimba asichomwe kitu asichokijua. Mume wangu amekaa katikati. Tufanyeje?”

Barua hii ni nzuri kwa sababu haiulizi kama chanjo ni nzuri au mbaya kwa jumla. Inauliza habari ya sindano mbili na watu saba. Nitalijibu swali hilo, ila kwanza yafaa tuelewane tunazungumza juu ya ugonjwa gani.

Mafua na mafua

Hapa Kiswahili chetu kinatuchanganya kidogo. Neno mafua tunalitumia kwa kila kitu kinachotoa kamasi. Mtoto akipiga chafya asubuhi, ana mafua. Mtu mzima akilala kitandani siku tano, mifupa yote inamuuma kama aliyepigwa, naye tunasema ana mafua. Hayo ni magonjwa mawili.

Mafua ya kawaida huletwa na virusi vya aina nyingi sana. Huanza polepole, pua huwasha, koo hukwaruza, homa huwa kidogo au haipo. Mgonjwa anaendelea kulima, anafundisha, anauza dukani. Kwa siku saba hivi yamekwisha. Hayana chanjo, na hapo mama mkwe wa barua hii anasema kweli: tangawizi, limau na maji ya moto vinamtosha mgonjwa.

Mafua makali, ambayo wataalamu huyaita influenza, ni mambo mengine. Huletwa na virusi vyake maalumu. Kwa kawaida humpata mtu siku moja hadi nne baada ya kuambukizwa, na huja ghafla. Mgonjwa mara nyingi anaweza kukutajia hata saa yalipomwanza. Homa hupanda, kichwa huuma, viungo na mgongo huuma, kikohozi kikavu, nguvu zote huondoka. Watu wengi wazima wenye afya hupona katika wiki moja, ingawa uchovu na kikohozi vyaweza kuendelea zaidi ya hapo. Mgonjwa huanza kuambukiza wenzake siku moja kabla hajajijua kuwa anaumwa, na huendelea kwa siku tano hadi saba. Ndiyo maana akianza mmoja katika bweni la shule, baada ya juma moja utasikia nusu ya bweni inakohoa.

Ugonjwa huu si mgeni. Mwaka 1918, Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa inakwisha, mafua makali ya aina mpya yalizunguka dunia nzima, yakafika na huku kwetu Afrika Mashariki. Inakadiriwa kuwa duniani waliokufa walifikia milioni 50. Mwaka 2009 ikatokea aina nyingine mpya ambayo magazeti yaliiita mafua ya nguruwe. Baadaye ikawa moja ya mafua ya kila mwaka. Lakini hata katika mwaka usio na vishindo, Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba mafua makali yanaua kwa matatizo ya kupumua watu kati ya 290,000 na 650,000 duniani.

Wengine watasema: mbona sisi hatuyaoni? Tunayaona, ila tunayaita malaria. Uchunguzi mmoja uliofanyika Dar es Salaam na Ifakara, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2014, uliwapima watoto 1,005 waliofika kutibiwa homa. Wenye malaria walikuwa karibu mmoja tu katika kila kumi. Zaidi ya nusu walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na mengi yalikuwa ya virusi. Hapa wodini kwetu bado napokea wazazi wanaonung’unika kipimo cha malaria kikisema hapana. Wanaona kama wamenyimwa dawa. Kumbe mtoto ana homa ya kweli, ila si ya mbu.

Wanaoumia zaidi

Mafua makali humshika yeyote, lakini hayamwumizi kila mtu sawasawa. Wazee wa miaka 65 na kuendelea wamo hatarini. Wajawazito wamo, kwa kuwa mwili wa mama katika miezi ile umebadilika: mapafu yanabanwa na moyo unafanya kazi zaidi. Wamo watoto wadogo chini ya miaka mitano, hasa chini ya miwili. Kisha wenye magonjwa ya kudumu: pumu, kisukari, moyo, figo, selimundu, na wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Wauguzi na waganga nao huhesabiwa katika kundi la kuchanjwa kwanza, kwa kuwa wanakoholewa kila siku, kisha wanaweza kumpelekea ugonjwa mgonjwa wa kitanda cha pili.

Kinachoua mara nyingi ni kile kinachofuata baada ya mafua yenyewe. Virusi huchubua njia ya hewa, halafu bakteria wanapata mlango, na nimonia inaingia. Kwa mwenye kisukari, sukari hupanda ovyo wakati wa homa. Mwenye pumu hubanwa. Mgonjwa wa moyo aliyekuwa akijikongoja vizuri anarudi wodini miguu imevimba. Kwenye faili huandikwa moyo, au nimonia, au kisukari, na mafua hayatajwi kabisa.

Chanjo yenyewe

Chanjo hii ilianza kutumika katika miaka ya 1940, kwa hiyo si jambo la kujaribiwa juzi. Ile inayotumika zaidi ni sindano ya begani yenye virusi vilivyouawa, au vipande vya virusi. Kitu kilichokufa hakiwezi kumpa mtu mafua. Mwili hukitazama, ukajifunza sura yake, ukatengeneza askari wake. Kazi hiyo huchukua wiki mbili hivi. Ukichanjwa leo na keshokutwa ukaugua, ulikuwa tayari umeshaambukizwa au hukuwa bado na kinga.

Kwa nini kila mwaka? Kwa sababu virusi hivi hubadilika sura, na kinga yenyewe nayo hupungua. Mara mbili kwa mwaka, Februari na Septemba, Shirika la Afya Duniani hukutanisha wataalamu wakatazama ni aina zipi zinazozunguka, kisha wanawaambia watengenezaji waweke nini katika chanjo ya msimu unaokuja. Siku hizi huwa ni aina tatu. Zamani ziliongezwa kuwa nne, lakini moja ya hizo haijaonekana tena duniani tangu mwaka 2020, hivyo ikaondolewa.

Sasa niseme ukweli ambao matangazo hayausemi. Chanjo hii haina nguvu kama ya surua. Katika miaka ambayo wataalamu wamekisia vizuri, hupunguza hatari ya kuugua hadi kulazimika kwenda hospitali kwa asilimia 40 hadi 60. Tuchukue mfano: kama katika watu wasiochanjwa wangeugua kumi, katika idadi ileile ya waliochanjwa wataugua wanne, watano au sita. Miaka ambayo virusi vimebadilika kuliko ilivyotazamiwa, huwa chini ya hapo. Zaidi ya hayo, aliyechanjwa akiugua, aghalabu haugui vibaya kama yule ambaye hakuchanjwa. Haizuii mafua ya kawaida, wala haizuii UVIKO-19, ambayo ina chanjo yake. Basi ukisikia mtu anasema “nilichanjwa na bado nimeshikwa,” usimbishie. Huenda alishikwa na kirusi kingine, au alikuwa katika wale watano.

Je, kitu kinachosaidia nusu ya watu kina maana? Kwa kijana wa miaka 25 mwenye afya na mfuko mtupu, nadhani anaweza kungoja. Kwa bibi mwenye kisukari, kupunguza hatari kwa nusu si jambo dogo. Mwavuli hauzuii kila tone, na bado tunaubeba kwenda shamba mwezi wa masika.

Madhara yake ni machache. Bega huuma siku moja au mbili, pengine homa kidogo na mwili kuchoka. Mzio mkali hutokea mara chache sana, na kwa sababu hiyo tunamwomba mtu akae robo saa penye wauguzi kabla ya kuondoka. Kuna pia ugonjwa adimu wa mishipa ya fahamu unaolegeza miguu na mikono; uhusiano wake na chanjo hii, pale unapoonekana, ni mtu mmoja au wawili katika kila milioni moja waliochanjwa, na mafua makali yenyewe nayo huweza kuuleta. Asiyepaswa kuchanjwa ni mtoto chini ya miezi sita na yule aliyewahi kupata mzio mkali kwa chanjo hiihii. Mwenye homa kali siku hiyo angoje apone. Anayedhurika akila mayai amweleze muuguzi. Zamani alizuiliwa, siku hizi anaweza kuchanjwa.

Hofu ya mimba na hofu ya uzazi

Mama mkwe anasema mjamzito asichomwe kitu asichokijua. Hilo ni neno la hekima, nami naliunga mkono kwa nusu: asichomwe asichokijua, basi na akijue. Sindano ya virusi vilivyokufa imetolewa kwa wajawazito kwa miaka mingi, na Shirika la Afya Duniani linaruhusu itolewe katika mwezi wowote wa mimba. Kuna jambo kubwa zaidi. Mtoto mchanga hawezi kuchanjwa mafua mpaka afike miezi sita, na miezi ile sita ndiyo ya hatari kwake. Njia ya kumpa kinga ni kupitia kwa mama: mama anachanjwa, kinga inapita kwenye kondo, mtoto anazaliwa nayo. Afrika Kusini walilipima jambo hili kwa wajawazito wengi, matokeo yakatolewa mwaka 2014. Kwa wale waliochanjwa, mafua makali yaliyothibitishwa maabara yalipungua karibu nusu kwa mama, na karibu nusu kwa mtoto wake pia. Akina mama wanaoishi na virusi vya UKIMWI nao walifaidika. Sindano moja hapo inakinga watu wawili.

Habari ya kuharibu uzazi huja kila chanjo inapotajwa. Wengi wanakumbuka mabishano ya mwaka 2014 nchini Kenya, maaskofu walipohoji kampeni ya pepopunda, na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF wakajibu kuwa chanjo ile ni salama. Hayo yalihusu chanjo nyingine kabisa, lakini nasikia watu wakiyasukumia katika kila sindano. Chanjo ya mafua haigusi mfuko wa uzazi. Hupewa bibi wa miaka 80, hupewa mtoto wa miaka miwili, hupewa wanaume.

Swali jingine huulizwa na Wakatoliki, nalo ni halali: je, inatengenezwa kwa seli zilizotokana na mimba zilizotolewa? Chanjo nyingi ya mafua hukuzwa ndani ya mayai ya kuku, basi. Nyingine chache hukuzwa katika seli za figo ya mbwa au za wadudu. Kwa chanjo hii dhamiri ya mtu haina sababu ya kusumbuka.

Kabla ya kutoa fedha

Hapa naomba wazazi wanisikilize vizuri, hata kama watasahau mengine. Chanjo ya mafua makali haimo katika ratiba ya taifa ya chanjo za bure kwa watoto wetu Tanzania. Ni ya kulipia, tena hupatikana zaidi mijini. Kabla hujafungua pochi kwa ajili yake, fungua kwanza kadi ya kliniki ya mtoto.

Tazama kama amemaliza zile za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Ndani yake kuna chanjo ya nimonia, iliyoingizwa nchini mwaka 2013, na ile ya pamoja inayozuia dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini na aina nyingine ya nimonia na homa ya uti wa mgongo. Tazama surua na rubela: miezi 9, na tena miezi 18. Hii ya pili ndiyo wengi wanaiacha, maana mtoto ameshatembea na mama amerudi shambani. Kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14 kuna chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, ambayo tangu mwaka 2024 hutolewa kwa dozi moja tu. Zote hizi ni bure katika zahanati za serikali, na za mashirika zinazoshirikiana nazo. Mzazi anayelipia chanjo ya mafua huku mtoto hana surua ya pili amefunga dirisha na kuacha mlango wazi.

Mjamzito naye aulize chanjo yake ya pepopunda pale kliniki. Hiyo nayo hailipiwi.

Jibu la barua

Basi sindano mbili. Ushauri wangu, mama, ni huu: ya kwanza iwe yako, ya pili iwe ya mama mkwe.

Yako kwanza, kwa sababu uko katika miezi ambayo mafua makali yanaweza kukulaza hospitali, na kwa sababu mtoto atakayezaliwa baada ya miezi mitatu hana njia nyingine ya kupata kinga. Ukichanjwa sasa utakuwa na muda wa kutosha wa kumpitishia. Ya mama mkwe, kwa sababu umri na kisukari kwa pamoja ni mzigo mkubwa. Yeye mwenyewe akikataa, msimlazimishe wala msimdanganye kwamba ni dawa ya sukari. Mwambieni mumewe wa zamani alikuwa mkaidi kama yeye, acheke, kisha mpelekeni kwa daktari wa kliniki yake ya kisukari amweleze mwenyewe. Wazee wetu humsikiliza daktari kuliko mkwe, hata kama maneno ni yaleyale.

Najua moyo wako uko kwa mtoto mwenye pumu, na pengine umeshangaa nimemwacha. Naye yumo katika kundi la hatari, sibishi. Lakini mtoto wa chini ya miaka tisa anayechanjwa mafua kwa mara ya kwanza katika maisha yake anahitaji dozi mbili, zikipishana wiki nne. Kwa hiyo angemaliza sindano zote mbili peke yake. Kwake yeye, mwezi huu, hakikisheni jambo lenye nguvu zaidi: ana dawa ya kuvuta ya kuzuia pumu na anaitumia kila siku kama alivyoandikiwa, si siku ya kubanwa tu, halali katika chumba chenye moshi wa mkaa au kuni, na kadi yake ya chanjo za bure haina pengo. Mwezi mwingine mkipata nafasi, mwanzishieni yeye. Kama mume wako ana bima ya kazini, aulize pia kama inalipia chanjo hii. Zipo zinazolipia na zipo zisizolipia, na watu wengi hawaulizi kabisa.

Ninyi wengine wanne wazima, kazi yenu ni kutowaletea ugonjwa wale watatu. Mwenye kikohozi asimbebe mtoto mchanga, akohoe kwenye kiwiko, anawe mikono kwa sabuni, alale chumba kingine kama kipo. Jumapili mwenye mafua anaweza kubaki nyumbani bila dhambi. Na akija, wakati wa kutakiana amani ainamishe kichwa tu. Hatuwezi kumchukia.

Kama familia nyingine ingeniuliza, jibu lingebadilika. Nyumba yenye mtoto wa selimundu na vijana watupu, ningemtanguliza huyo mtoto. Anayeishi na virusi vya UKIMWI ningemwambia kwanza asikose dawa zake hata siku moja, kisha chanjo. Mzee anayesafiri kwenda kuhiji Roma au Nchi Takatifu wakati wa baridi ya kule achanjwe angalau wiki mbili kabla ya ndege.

Siku ya kwenda kuchanjwa

Uliza maswali matatu. La kwanza, chanjo hii ni ya mwaka gani na inaisha lini? Muuguzi akuonyeshe kichupa; hilo si kosa, ni haki yako. Sisi wa karibu na ikweta hatufuati majira ya Ulaya, na virusi vinaweza kuzunguka kwetu mwezi wowote, hivyo usingoje mwezi fulani. Chukua iliyo mpya kuliko zote zilizopo. La pili, imehifadhiwa wapi? Hutakiwa kukaa katika jokofu, kati ya nyuzi joto 2 na 8. Ikipata joto inaharibika, na ikiganda inaharibika vilevile. Kwa hiyo usinunue kichupa dukani ukakileta zahanati ndani ya mkoba ili tukuchome. Nimeona kimeletwa kimefungwa kwenye leso, mwenye nacho ametoka kwa basi safari ya saa nne. Tulisikitika naye, lakini hatukukitumia. La tatu, bei ni pamoja na kuchoma, au kuchoma ni fedha nyingine?

Hospitali yetu huwa nayo baadhi ya miezi na miezi mingine haina, kwa hiyo piga simu kabla ya kupanda gari. Inapokuwapo mimi huchanjwa, maana nafanya kazi wodi ya watoto.

Ugonjwa ukishaingia nyumbani

Aliyechanjwa na asiyechanjwa wote huuguzwa kwa namna moja. Apumzike, anywe maji na uji kwa wingi, apewe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake. Aspirini asipewe mtoto mwenye mafua, kwa kuwa inaweza kumletea ugonjwa mbaya wa ini na ubongo. Amoksilini na vidonge vingine vya kuua bakteria havifanyi kitu kwa kirusi, msitume mtoto dukani kununua “zile rangi mbili.” Asali kidogo hutuliza kikohozi, lakini kamwe isipewe mtoto chini ya mwaka mmoja. Kujifukiza, mtu mzima afanye kwa uangalifu kama anaona nafuu. Mtoto asiwekwe juu ya sufuria ya maji yanayochemka. Tunawapokea wakiwa wameungua, na huo ni msiba juu ya mafua. Ipo dawa ya kupambana na kirusi chenyewe, lakini hufaa zaidi ikianzwa ndani ya siku mbili za mwanzo, kwa hiyo mjamzito, mzee na mwenye ugonjwa wa kudumu wasingoje nyumbani siku nne ndipo waje.

Kikohozi kikipita wiki mbili, nenda ukapimwe kifua kikuu.

Mtu mzima aletwe hospitali upesi akihema kwa shida, akiumwa kifua, akichanganyikiwa, au kama homa iliondoka kisha ikarudi kwa nguvu pamoja na kikohozi kibaya zaidi. Mtoto aletwe akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilala usingizi usio wa kawaida, au kifua kikibonyea kwa ndani kila anapovuta hewa. Na mjifunze kuhesabu pumzi zake. Mfunue nguo mtoto akiwa ametulia, si analia wala ananyonya, tazama tumbo na kifua, hesabu kwa dakika nzima ukiangalia saa. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni nyingi mno. Miezi miwili hadi asitimize mwaka, ni 50 au zaidi. Mwaka mmoja hadi mitano, ni 40 au zaidi. Kwa mtoto chini ya miezi miwili rudia kuhesabu mara ya pili, maana hupumua bila mpango. Ukipata hesabu ileile, mbebe uje naye hata kama ni usiku.